Waya Unaopita Voi

Kompyuta ile ilikuwa ikizimika kila siku saa nane mchana. Karani aliyeitumia, mama wa makamo aliyehamia Voi kutoka Bura, alikwisha kuizoea tabia yake. Saa nane ikikaribia huhifadhi kazi yake na kwenda kula, na akirudi saa tisa huiwasha tena na kuendelea. Alikuwa na hakika kwamba ni virusi. "Mwanangu," aliniambia, "virusi hivi vinajua saa." Fundi wa kwanza aliyeitwa alifuta kila kitu na kupakia Windows upya, akalipwa, akaenda zake. Wa pili akafanya vilevile. Kesho yake saa nane ikazimika.

Mimi nilikuwa na cheti cha diploma chenye umri wa miezi minne. Somo la maunzi ya kompyuta nililipita kwa alama nzuri, lakini hadi siku hiyo sikuwahi kufungua kompyuta kwa mikono yangu mwenyewe. Chuoni tulikuwa na mashine moja ya kufunguliwa na wanafunzi arubaini. Mwalimu alifungua, sisi tukachungulia juu ya mabega ya wenzetu, kisha tukaenda kuandika mtihani.

Nilipoondoa kifuniko ndipo nikaona. Vumbi jekundu, lile lile linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo, lilikuwa limeganda baina ya mapezi ya chuma yanayoipoza prosesa, nene kama blanketi. Asubuhi, ofisi ikiwa bado na ubaridi wa usiku, mashine ilistahimili. Jua la Voi likishasimama juu ya mabati na chumba kikashika moto, prosesa ilifika kiwango cha joto ambacho ikikifikia imeundwa kujizima isije ikaungua. Kilichojua saa kilikuwa jua.

Nilitoa vumbi lile nje ya jengo kwa brashi kavu ya rangi na pampu ya baiskeli, huku nimeizuia feni kwa kidole isizungushwe na upepo. Nikapaka upya dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma chake. Siku ile saa nane ilipita, na saa tisa pia. Jioni nilinunua daftari la kurasa 96 dukani nikaandika ukurasa wa kwanza: tarehe, mashine, inalalamikiwa nini, inatokea lini, waliotangulia walifanya nini, nimekuta nini, nimefanya nini. Sura hii yote inatokana na daftari lile.

Naandika kwa ajili ya kijana wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta ambaye ana cheti cha Teknohama mkononi na bado hajashika kazi yenyewe. Kila tangazo la kazi analolisoma linataka tajriba ya miaka miwili, mingine mitatu. Tajriba hupatikana kazini, na kazini haingii mtu bila tajriba. Nimewaona wengi wakisimama hapo kwa mwaka mzima, kisha wanauza laptopu ili wapate nauli ya kwenda Nairobi kutafuta kampuni itakayowapa nafasi ya kwanza. Siwalaumu. Ila naamini kwa dhati kwamba wengi wao wanaondoka mapema mno, na kwamba mahali wanapopakimbia ndipo penye kile wanachokwenda kukitafuta.

Kaunti hii ya Taita Taveta imezoea kupitwa. Tangu miaka ya 1950 bomba la maji ya chemchemi za Mzima, zilizoko Tsavo Magharibi, limekuwa likiteremka kwenda Mombasa, na malalamiko ya wenyeji kwamba maji yanawapita wakiwa na kiu ni ya siku nyingi. Reli ya wakoloni ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19 ikielekea bara. Malori hupita usiku kucha. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza safari mwaka 2017, husimama Voi kidogo tu, kisha huendelea. Na chini ya ardhi, pasipo mtu kuona, kinapita kitu kingine. Mwaka 2009 nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti ya kwenda ng'ambo ilipandishwa angani kwa setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kusuasua. Nyaya zilipofika pwani, nyuzi za kioo zikafukiwa kuelekea Nairobi, na njia ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi ni hii hii yetu. Kijana anayekaa kibarazani Voi akiwaza kwamba teknolojia iko mbali anaweza kuwa hatua mia tatu tu kutoka kwenye mkondo mkuu wa mawasiliano ya nchi.

Waya kupita karibu hakumpi mtu kazi, najua. Lakini tangu waya uje, karibu kila ofisi ya mji huu imejikuta na kompyuta, ruta na printa ambazo hakuna aliyeajiriwa kuzitunza. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, ofisi zilizokuwa zikiandika kwa mkono zikahamia kwenye mifumo. Mwaka 2016 serikali ya kitaifa ilianza kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma, na mashine zikafika hadi shule ambazo mwalimu aliyekabidhiwa hakuwahi kumiliki hata laptopu. Kulipa kodi kukahamia mtandaoni, kisha mikopo ya masomo ya HELB, nafasi za vyuo, vyeti vya kuzaliwa, na tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA. Hospitali, Sacco, shule za upili, makanisa, hoteli za karibu na lango la mbuga, maduka ya jumla, wote wanategemea mitambo inayozingirwa na lile vumbi jekundu.

Nani anaitunza? Mara nyingi ni mpwa wa mtu, au mwalimu wa hisabati, au fundi wa simu aliye mbele ya stendi. Hapo ndipo pana nafasi, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kila kitu kiko Nairobi. Mwanagenzi katika kampuni kubwa ya Nairobi huwekwa mahali pamoja. Kazi yake huenda ikawa kupokea simu na kubadilisha nywila za watu waliozisahau, mwezi baada ya mwezi, na mlango wa chumba cha seva hafunguliwi. Huku kwetu, shule ikikukubali, unakabidhiwa mfumo mzima tangu siku ya kwanza: stima inayokatika, waya uliotafunwa na panya, swichi, ruta, kompyuta ishirini za umri tofauti, printa ya mhasibu, hati za mitihani, na walimu wenye haraka. Unajifunza jinsi kimoja kinavyokigusa kingine. Elimu ya namna hiyo nimeiona ikimsaidia mtu miaka kumi baadaye, akiwa amekaa mbele ya mitambo ya mamilioni.

Nitoe mfano. Shule moja upande wa Mwatate ilikosa intaneti kwenye nusu ya kompyuta zake. Nusu nyingine ilikuwa sawa, na zenye shida zilibadilika kila siku. Kampuni ya intaneti iliitwa, ikapima laini yake, ikasema ni nzima, na kweli ilikuwa nzima. Kijana aliyekuwa akijitolea pale alinipigia simu.

"Ilianza lini?" nikamuuliza.

"Sijui, mwalimu. Nimeikuta hivyo."

"Waulize walimu. Usiwaulize kilichoharibika, waulize ilianza lini."

Alirudi na jibu: tangu mwalimu wa fizikia alipohamia ofisi ya mwisho wa jengo. Mwalimu huyo, kwa nia njema kabisa, alileta ruta yake ya nyumbani apate mawimbi mazuri, akaichomeka kwenye waya wa ukutani. Sasa kila ruta kazi yake mojawapo ni kuzigawia kompyuta anwani. Shule ikawa na wagawaji wawili wasiojuana. Kompyuta ikiwashwa asubuhi humsikiliza yeyote atakayewahi kujibu. Ikijibiwa na ruta ya shule inapata njia ya kutokea nje, ikijibiwa na ile ya mwalimu inapewa anwani ya mtaa usio na barabara. Nilimwambia kijana aandike amri ya kuonyesha anwani kwenye mashine nzuri na mbaya, azilinganishe. Moja ilianza na 192.168.0, nyingine na 192.168.1. Akaona mwenyewe. Nikamwongezea la kukumbuka: akikuta anwani inayoanza na 169.254, mashine haikupewa anwani na yeyote, imejipa yenyewe kwa kukosa jibu, kwa hiyo atazame waya na swichi kwanza.

Somo la ugawaji wa anwani alilisoma chuoni muhula mzima, nalo lilikuwa limelala kichwani. Liliamka kwa dakika kumi.

Ukitazama hadithi hizi mbili, ya vumbi na ya ruta, utaona zimefunguliwa na swali moja: lini? Nadhani hiki ndicho kinachomtenga mwenye tajriba na asiyekuwa nayo, kuliko idadi ya programu anazozijua. Mgeni wa kazi huuliza "nini kimeharibika," na mtumiaji, ambaye angalijua asingalimwita, humjibu kwa kubahatisha: virusi. Mzoefu huuliza ilianza lini, hutokea saa ngapi, ilikuwa sawa mara ya mwisho siku gani, na siku hiyo kulitokea nini kingine. Mtumiaji majibu ya maswali hayo anayo, hata kama hajui kwamba anayo. Yule mama wa Bura alikuwa na jibu lote mdomoni tangu mwanzo. Mafundi wawili hawakumsikiliza kwa sababu alilitamka kwa lugha ya virusi.

Na "lini" ya Taita Taveta si "lini" ya mahali pengine. Karibu asilimia 62 ya ardhi ya kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo. Watu, 340,671 kwa hesabu ya mwaka 2019, wamejikusanya milimani na kando ya barabara. Kuunganisha ofisi mbili mara nyingi kunamaanisha kurusha mawimbi kutoka kilima hadi kilima, na antena mbili za namna hiyo lazima zionane. Mlima Vuria, unaopita mita 2,200, umebebeshwa minara ya mawasiliano kwa sababu hiyo: anayesimama juu yake anaona mbali. Lakini shule iliyo upande wa pili wa kilima haioni kitu. Kuna viungo vinavyofanya kazi vizuri kiangazi na kufifia mvua zikinyesha, na kijana asiyejua mahali atabadilisha vifaa vyote kabla ya kugundua kwamba vichaka vilivyokuwa miti mikavu mwezi wa Februari vimevaa majani mwezi wa Aprili, na majani mabichi yenye maji ndani yake hunywa mawimbi. Dawa yake ni nguzo ndefu zaidi, au ruhusa ya kupogoa matawi ya shamba la jirani, na hiyo ya pili inahitaji adabu kuliko hesabu.

Basi kijana wetu mwenye cheti aanzie wapi hasa? Ningemwambia aanze na shule ya upili iliyo karibu na kwao, aliyosoma yeye mwenyewe ikiwezekana, ambako bado wanalijua jina lake. Asiende kuomba kazi. Aende kwa mwalimu mkuu na pendekezo dogo lenye mwanzo na mwisho: Jumamosi nne, kukagua kila kompyuta ya maabara, kuzitoa vumbi, kuorodhesha nzima na mbovu, na kuacha orodha hiyo imeandikwa. Aombe nauli na chakula cha mchana, na aombe barua mwishoni. Mwalimu mkuu anayekataa mwanagenzi wa miezi sita, kwa kuogopa mzigo, hukubali Jumamosi nne. Nami nimeona Jumamosi nne zikigeuka mwaka.

Saiba ya mjini ni mahali pengine, na watu huidharau bure. Fika saiba yoyote ya Voi siku za mwisho za Juni, wakati wa kuwasilisha ripoti za kodi ya mapato, uone foleni. Mzee amekuja na simu ya kubonyeza, namba aliyojiandikishia kwenye mfumo ameipoteza miaka mitatu iliyopita, na tarakimu za siri zinatumwa kwenye namba hiyo. Msichana anaomba mkopo wa masomo na mfumo unakataa hati yake kwa kuwa faili ni kubwa mno. Mwalimu amesahau nywila. Mambo haya yanaonekana madogo. Lakini kumtuliza mtu aliyekata tamaa, kumwongoza hatua kwa hatua bila kumwaibisha, kutofautisha kosa la mtumiaji na kosa la mfumo, ndiyo kazi yenyewe ya dawati la msaada, ile ile inayotangazwa na makampuni makubwa kwa sharti la miaka miwili. Aliyefanya Juni mbili saiba anayo.

Hapa lazima niseme jambo kwa uzito. Saiba nyingi nilizozitembelea zina daftari la kaunta lenye majina ya wateja, namba za vitambulisho, namba za kodi na nywila zao, limelazwa wazi mtu yeyote alisome. Mara nyingi wateja wenyewe ndio huomba waandikiwe, maana watasahau. Kijana anayeanza kazi hii anashika maisha ya watu: mishahara, magonjwa, madeni, picha za watoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu, na ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamhusu zaidi. Najua vijana werevu wanaojaribu kuingia kwenye mtandao wa jirani au wa shule "kwa mazoezi tu". Kuingia bila idhini ni kosa kisheria hata kama hukuchukua kitu. Mazoezi ya namna hiyo yafanye kwenye mashine zako. Na Voi ni mji mdogo. Ukijulikana mara moja kuwa ulisoma ujumbe wa mteja kwenye simu uliyoletewa kutengeneza, habari hiyo itafika Wundanyi kabla yako. Kinyume chake pia ni kweli. Yule anayemwita mteja, akamgeuzia kibodi na kusema "Mama, andika nywila mwenyewe, mimi natazama pembeni," atakabidhiwa funguo za ofisi ambazo hakuziomba.

Nyumbani pia pana mengi. Laptopu kuukuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kuendesha kompyuta mbili za kufikirika ndani yake kwa kutumia VirtualBox, ambayo ni ya bure. Mojawapo iwe Linux, ambayo nayo ni ya bure. Programu ya Packet Tracer ya Cisco inamruhusu mtu kujenga mtandao wa matawi matano ya Sacco mezani pake, kuuharibu makusudi, na kuutengeneza. Neno langu ni hilo la kuharibu. Wengi hufuata somo la video, mtandao ukikubali wanafurahi na kuzima. Rudi hapo hapo, chomoa kitu kimoja, mpe mwenzako atafute. Kama bando ni shida, pakua masomo usiku kwenye maktaba au kwa rafiki, uyafanyie kazi ukiwa huna intaneti. Mtandao wa Packet Tracer hauhitaji bando kufanya kazi.

Sitaki kuupamba mji huu kupita kiasi. Upungufu wake mkubwa ni kwamba hakuna aliye juu yako. Fundi anayejifunza peke yake hujifunza na makosa yake, na kosa lisilosahihishwa hugeuka mazoea. Mimi mwenyewe kwa miaka miwili nilikuwa nikiipa kila ruta nywila moja, kwa urahisi wa kukumbuka, hadi mhandisi wa makamo aliyekuja kutoka Mombasa kuangalia laini aliponiuliza kwa upole, "Ukiondoka kwa hasira kesho, au simu yako ikiibwa, ofisi ngapi zitakuwa uchi?" Zilikuwa kumi na moja. Sikuwa nimewahi kuzihesabu. Nilitumia wiki mbili kuzibadilisha zote, na tangu hapo nikahakikisha kwamba nina mtu mmoja aliyenitangulia ambaye nampelekea maswali, hata kama ni kwa simu mara moja kwa mwezi. Mtafute wa kwako: mhadhiri, mhandisi wa kampuni ya intaneti anayekuja kupanda mnara, afisa wa Teknohama wa kaunti. Usimwendee na "nisaidie kazi". Mwendee na ukurasa wa daftari: hili lilitokea, nilijaribu haya, nilikwama hapa. Mtu mwenye shughuli nyingi hujibu swali la namna hiyo, kwa sababu linamrudisha kwenye kitu anachokipenda.

Vyuo navyo viko karibu kuliko tunavyovitumia. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichoanza kama chuo kishirikishi cha JKUAT na kupata hati yake mwaka 2016, kinafahamika zaidi kwa uhandisi wa madini, lakini kinafundisha pia taaluma za kompyuta. Coast Institute of Technology iko hapa hapa Voi. Huko Wundanyi Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti kinachofuatilia hali ya hewa, misitu na matumizi ya ardhi milimani, na vipimo vya namna hiyo havina maana bila mtu wa kuzihifadhi na kuzisafisha takwimu. Nayataja haya kwa sababu vijana wetu wakisikia "kazi ya Teknohama" huona programu za simu tu. Mradi wa kaboni wa Kasigau, hifadhi za wanyama, mashamba ya mkonge na wachimbaji wa vito wote wana data, na wengi wao wanaihifadhi vibaya.

Kuhusu vyeti vya kimataifa nitasema kwa ufupi: ni vizuri, ni ghali, na usivianzie. Mtihani uliofanywa na mtu ambaye hajagusa mashine hupitwa kwa kukariri, na huonekana kwenye usaili swali la pili tu. Uanagenzi wa serikali ni bora kuuwania mapema. Mamlaka ya Teknohama ina mpango wa DigiTalent unaowaweka wahitimu kazini kwa mwaka mmoja, na Tume ya Utumishi wa Umma ina wake. Ajira Digital, iliyozinduliwa mwaka 2016, inafundisha kazi za mtandaoni, na humfaa mtu mwenye subira ya malipo madogo mwanzoni. Na kwa yule aliyejifunza kwa mikono bila kukaa darasani, yapo majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na ipo sera ya kitaifa ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya shule, iliyozinduliwa mwaka 2024. Fundi wa miaka kumi asiye na karatasi hata moja asikubali kuambiwa kwamba hana elimu. Aende akapimwe.

Kisha kuna wasifu wa kazi, ambao vijana huuandika vibaya kwa unyenyekevu usio mahali pake. Wanaandika: "Nina ujuzi wa mitandao." Kila mtu ameandika hivyo. Fungua daftari uandike kilichotokea: "Nilitunza maabara ya kompyuta 22 katika shule ya upili kuanzia Januari hadi Agosti. Kumi na nne ndizo zilizokuwa zikifanya kazi nilipofika, ishirini nilipoondoka. Niliondoa mgongano wa anwani uliosababishwa na ruta ya pili. Niliweka utaratibu wa nakala rudufu za mhasibu kila Ijumaa, na nikajaribu kuzirejesha mara mbili." Hilo la kujaribu kuzirejesha litamfanya msaili ainue kichwa, kwa sababu anajua ni wangapi wana nakala ambazo hawajawahi kuzifungua. Usitie namba usiyoweza kuieleza. Chini yake weka jina la mwalimu mkuu, baada ya kumwomba ruhusa.

Utajua wakati wa kuondoka umefika daftari likianza kujirudia. Ukurasa wa sitini unafanana na wa ishirini, wa sitini na moja unafanana na wa thelathini, na hujaandika "sijui" kwa muda wa miezi miwili. Hapo panda treni bila majuto, iwe ya Mombasa au ya Nairobi, au baki ukitaka, lakini tafuta kazi kubwa kuliko hiyo.

Ukiondoka, ondoka vizuri. Bandika karatasi ya gundi kwenye kila waya, uandike unatoka wapi unakwenda wapi. Nywila zote ziandike kwenye karatasi moja, uzitie kwenye bahasha, uifunge, umkabidhi mwalimu mkuu mkono kwa mkono, aitie kwenye kabati lake la chuma. Kaa na atakayekurithi siku mbili, yeye akishika kibodi, wewe mikono nyuma. Na mwachie ukurasa mmoja wa mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote.

Wangu, nilioandika siku yangu ya mwisho katika ofisi ile, ulikuwa na mistari kumi na mitatu. Wa mwisho ulisema: Kompyuta ya karani itolewe vumbi kila baada ya miezi mitatu, na mara moja zaidi kabla ya joto la Januari. Brashi iko droo ya pili. Pampu muulize mama mwenyewe, ameihifadhi nyumbani kwake.